Tanzia ya Majaribio

Stellamaris Mihayo alikuwa anakula muhogo wa kuchoma nyuma ya ukumbi wa kikundi, kule Chole ya Kisarawe, alipoletewa habari kwamba amefariki dunia. Habari ilikuja kwa meseji. Aliitoa simu mfukoni kwa vidole vyenye chumvi na pilipili, akasoma: "TANZIA. Ndugu yetu Stellamaris Mihayo amefariki dunia leo asubuhi. Msiba upo nyumbani kwa mama yake, Mlandizi. Tafadhali wajulishe wengine."

Muhogo ulimkwama kooni. Alisoma tena, maana jambo kama hilo mtu haliamini kwa kulisoma mara moja. Jina lilikuwa lake, mama alikuwa wake, na Mlandizi ilikuwa ileile aliyokulia. Alijikuta anajipapasa kifuani, kama vile angekuta pametulia. Kisha, amini usiamini, akatabasamu. Kumbe programu ya mwanafunzi wake, Zuwena, inafanya kazi.

Hapo inabidi nieleze, la sivyo mtadhani dada wa watu alikuwa na wazimu.

Stellamaris anaishi Visiga na anaandika programu za kompyuta katika kampuni moja jijini. Mwaka huu alijiunga na watu wanaojitolea kuwalea wanafunzi wanaoanza kujifunza kazi hiyo. Alipewa semina ya asubuhi moja, na katika yote aliyoambiwa, moja alilishika kama amri ya kanisani: mlezi haigusi kibodi ya mwanafunzi. Mwache akosee, mwache ahangaike, wewe kaa pembeni na uulize maswali. Akapangiwa Chole. Akaenda na laptopu yake mgongoni, moyo umejaa wema, na kichwani ameshaona picha ya vijana wanyenyekevu wakimsikiliza.

Siku ya kwanza ilimvunja hiyo picha mapema. Mlangoni alimkuta Bi Hajra, katibu wa kikundi cha kufa na kuzikana, ambacho ndicho chenye ukumbi. Stellamaris akaamkia, akaitikiwa vizuri, akaulizwa kwao wapi. Aliposema mama yake anaishi Mlandizi lakini asili yao ni Tabora, Bi Hajra alimtazama juu mpaka chini, akachukua kapu lake la mihogo mibichi, akamtwika. Akamwambia Mnyamwezi ameumbwa kubeba, aingize ndani na asilalamike. Darasa zima likacheka. Stellamaris alisimama na kapu kichwani, mdomo wazi, hajui kama ametukanwa au amekaribishwa. Utani wa Wazaramo na Wanyamwezi alikuwa anausikia kwa wazee tu, tena kwenye misiba, na yeye misibani hujificha jikoni. Alirudi Visiga jioni ile akiwa amekasirika kweli.

Lakini alirudi tena Jumamosi iliyofuata, kwa sababu ya Zuwena. Zuwena ni mpwa wa Bi Hajra. Wazazi wake walifariki yeye angali ananyonya, Bi Hajra akamchukua na kumlea, na hana mwingine. Ni binti asiyesema sana, lakini swali likiingia kichwani mwake halitoki mpaka lijibiwe. Wenzake walipotaka kutengeneza michezo ya kupiga mipira, yeye alisema anataka kumpunguzia shangazi yake kazi. Mtu akifa Chole, Bi Hajra huzunguka nyumba hadi nyumba kwa miguu kuwaarifu wanakikundi, na siku hizi magoti hayamtii. Zuwena alitaka kompyuta ipelekewe jina la marehemu, yenyewe itume meseji kwa wote kwa mkupuo mmoja.

Stellamaris aliipenda kazi hiyo kuliko zote. Ili meseji ziende kwa wingi ilihitajika akaunti kwenye kampuni ya kutuma meseji, na yeye alikuwa nayo. Aliifungua mwaka jana, dada yake Recho alipoolewa, na yeye ndiye aliyekuwa katibu wa kamati ya harusi, yule mtu mwenye kazi ya kuwakumbusha watu michango mpaka wanamchukia. Akampa Zuwena akaunti hiyo. Akamwambia kundi linaloitwa Wote lina namba moja tu, yake mwenyewe, ajaribu bila hofu.

Alikuwa amekusudia kuwaondoa watu wa harusi humo. Alikusudia Jumatatu, akakusudia Jumatano, na Ijumaa akajiambia ameshawaondoa. Ndivyo tulivyo sisi watu wenye shughuli nyingi, jambo tukilifikiria sana tunaona kama tumelifanya.

Jumamosi hii basi aliwaambia wafanye jaribio, waweke jina lolote la marehemu, naye anatoka kwenda kula. Hakujua amewaachia balaa gani. Alipotoka, darasa likaanza kuulizana. Jina lolote la nani? Ukimwandika jirani umemchuria, akiugua kesho utasema nini kwa watu wake? Wakajaribu kubuni jina, lakini kila walilobuni lilikuwa na mwenyewe hapohapo Chole. Zuwena alikaa na mikono hewani mpaka Bi Hajra, aliyekuwa anamenya mihogo nyuma ya darasa, akawaambia hiyo si taabu. Kuna mtu mmoja tu humu ambaye kifo chake ni halali kuchezewa, naye ni mtani. Wamuue Mnyamwezi.

Wakamuua.

Kwa hiyo Stellamaris alikuwa bado anatabasamu nyuma ya ukumbi simu ilipolia. Alikuwa Recho, kutoka Dodoma. Hakusema haloo. Alikuwa analia kilio kile cha mtu aliyeketi chini, na katikati ya kilio anauliza, "Nani ana simu ya mdogo wangu? Wewe uliyeshika simu, niambie amekufaje."

Stellamaris alisema ni mimi, Recho, ni mimi, lakini mtandao wa Chole huja unapotaka, ukakatika. Akatazama simu. Meseji zilikuwa zinaingia moja juu ya nyingine, pole, pole, poleni familia. Ndipo alipoelewa kundi la Wote lilikuwa na kina nani. Kamati yote ya harusi. Wajomba, shangazi, wafanyakazi wenzake, paroko, mpishi, mpiga picha. Na mama yake.

Akakaa kwenye vumbi. Mama yake, Mama Recho, anaishi peke yake Mlandizi na ana presha ya kupanda. Miaka mingi nyuma mumewe alipopata ajali njiani kutoka Morogoro, majirani walifuata utaratibu, wakamwambia kwanza kwamba mumewe anaumwa kidogo, wakakaa naye mpaka jioni, ndipo wakamwambia lililobaki. Na hata hivyo alianguka, akalazwa, na tangu hapo anakunywa dawa kila asubuhi. Huyo ndiye ambaye Stellamaris alikuwa amempelekea tanzia kavu, bila salamu.

Alipiga namba ya mama. Inatumika. Akapiga tena, haipatikani. Alipiga kwa Mjomba Fabian, na huyo alipokea.

"Mjomba, ni mimi, Stella."

Mjomba alisema kwa sauti ya chini, yenye chuki ambayo Stellamaris hakuwahi kuisikia kwake, "Wewe binti, mwili wa mtoto wetu haujapoa, umeshamwibia simu. Laana ikufuate." Akakata.

Aliingia kwenye kundi la gumzo la kamati kwa simu yake. Picha yake ya siku ya harusi ilikuwa imeshawekewa mshumaa na maua, na mtu aliyekuwa hajamaliza mchango wake mpaka leo alikuwa ameandika kwamba Mungu huwachukua walio wema. Stellamaris akaandika haraka: jamani mimi ni mzima, ni makosa ya kompyuta. Jibu lilikuja papo hapo: matapeli wameshaingia, wana simu ya marehemu, msitume hela. Na kabla hajaandika neno la pili, akatolewa kwenye kundi. Alibaki anatazama kioo, hajui acheke au apige kelele. Alikuwa hai, anapumua, ana pilipili mdomoni, na hapakuwa na mtu aliyekuwa tayari kumpa nafasi ya kusema hivyo.

Alikimbilia ndani. Zuwena alikuwa ameshaona kwenye kioo chake kwamba meseji hazikwenda kwa mtu mmoja, na uso ulikuwa umempauka. Wakajaribu kutuma ya kukanusha, kompyuta ikajibu kwamba salio la meseji limekwisha. Kifurushi cha harusi kilikuwa kimemalizikia kwenye msiba. Zuwena akaifunga laptopu taratibu, akasema hataigusa tena maisha yake yote. Stellamaris alitaka kumwambia kosa si lako, ni langu, lakini kichwani palikuwa na mama tu.

Bi Hajra ndiye aliyepata akili. Alifunga kanga kiunoni, akatoka njiani akasimamisha bodaboda mbili. Stellamaris akamwambia abaki, magoti yake hayataiweza safari.

"Niliyemuua ni mimi," alisema Bi Hajra, "na wa kumrudisha kwa mama yake ni mimi."

Walipita Maneromango na Mzenga, Stellamaris mbele, Zuwena na shangazi yake nyuma, vumbi limewafanya wote rangi moja. Kila palipokuwa na mtandao alipiga namba ya mama, na kila mara haikupatikana. Alimwona mama ameanguka jikoni, kisha akamwona ameanguka uani. Aliomba rozari yote bila kujua anaomba fungu gani. Alipokumbuka kwamba asubuhi ile mama alimpigia na yeye akamjibu "niko darasani, nitakupigia", alilia waziwazi mgongoni kwa dereva, na dereva kwa adabu akaongeza mwendo bila kuuliza.

Walipokata kona ya kuingilia nyumbani, Mlandizi, Stellamaris aliona msiba wake. Turubai lilikuwa limeshafungwa. Wanaume walikuwa wanapasua kuni, na sufuria la shughuli lilikuwa jikoni na mchele unachaguliwa. Kinamama wa jumuiya wamevaa vitenge vyao vya sare, wanaimba. Chini ya turubai, mzee mmoja wa kamati alikuwa amesimama anasema kwamba marehemu hakuwa na makuu, alisalimia wakubwa na wadogo. Stellamaris alishuka kwenye pikipiki, mweupe kwa vumbi kuanzia nywele mpaka viatu.

Wimbo ulikatika katikati ya neno. Mchagua mchele mmoja aliuachia ungo. Mzee wa kamati alimtazama, akasema "marehemu" mara nyingine kwa sauti ya kupotea, akakaa mahali ambapo hapakuwa na kiti. Wengine walikimbia, wakiwemo wanaume wenye mashoka, na sitawataja kwa heshima ya familia zao. Laurensia, jirani wa mama wa ukuta kwa ukuta, alibaki amesimama mlangoni, amekumbatia simu mbili kifuani. Moja ilikuwa ya mama.

"Mama yuko wapi?" aliuliza Stellamaris.

Laurensia alimgusa shavu kwanza, kwa kidole kimoja. Alipoona vumbi limebaki kidoleni, akampisha.

Mama Recho alikuwa ameketi mkekani, mgongo ukutani, kinamama wamemzunguka. Hakuwa analia. Alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, anatazama mlango. Mwanawe alipoingia hakusogea wala hakupiga kelele. Alimtazama muda mrefu.

"Wameniambia unaumwa kidogo," alisema.

"Siumwi, mama."

"Hata baba yako aliumwa kidogo."

Ndipo Stellamaris alipoelewa. Laurensia alikuwa ameipata ile meseji, akakimbia bila viatu, akaichukua simu ya mama kabla mama hajaisoma, akaizima. Akafuata utaratibu. Na mama, kwa kuambiwa maneno yaleyale ya mwaka ule, alijua kila kitu. Turubai likafungwa, kuni zikapasuliwa, yeye akakaa bila kuuliza swali hata moja, kwa sababu asipouliza mwanawe ataendelea kuumwa kidogo tu.

Stellamaris alipiga magoti. Mama akaushika mkono wake, akauleta karibu na pua, akaunusa. "Umekula muhogo," alisema. Hapo ndipo machozi yalipomtoka, na hayakukoma upesi. Wote mle ndani walilia, hata wale ambao mpaka saa hiyo walikuwa wamelia vya kutosha.

Walipotulia, ilibidi ielezwe nani aliyeua. Stellamaris alianza kusema ni kosa lake, ila Bi Hajra hakumpa nafasi. Aliingia akitambaa kwa magoti yake mabovu, kanga ameizungusha shingoni, na nyuma yake Zuwena, kichwa chini.

"Mama, mimi Mzaramo wa Chole," alisema. "Mtoto wako nimemuua asubuhi, nimekuletea mwenyewe jioni. Nihukumu."

Hakuna aliyejua litakalofuata. Mama Recho alifuta uso kwa upindo wa kanga, akamtazama huyo mgeni aliyejaa vumbi.

"Wazaramo," alisema hatimaye. "Hata kuua hamjui."

Kicheko kilianzia kwa Laurensia, kikatoka nje, kikawarudisha waliokimbia. Wali ulipikwa ukaliwa, kwa kuwa maji yalikuwa yameshachemka na watu wameshakuja. Mjomba Fabian alifika na gari la kukodi kuja kuchukua maiti, akakuta maiti anaosha vyombo, na akakaa muda mrefu ndani ya gari kabla ya kupata nguvu za kushuka. Recho alipigiwa simu ya picha, akaomba mdogo wake asimame, ageuke, aseme jina la mwalimu wao wa darasa la kwanza. Ndipo akaamini.

Lakini Zuwena hakula. Alikaa pembeni na sahani imepoa. Mama Recho akamwita mkekani, akamtaka aeleze hicho kitu chake kinafanya nini. Zuwena akaeleza kwa sauti isiyosikika vizuri, kwamba jina likiingia, habari inawafikia wote kwa pamoja.

"Na mama wa marehemu?"

"Naye, mama. Kama yumo kikundini."

Mama Recho hakumgombeza. Alitazama mlangoni, alikosimama Laurensia na ndala za kuazima miguuni. "Mimi leo nimepona kwa sababu ya huyu," alisema. "Kifundishe hicho kitu chako. Habari kama hiyo mtu asiisome peke yake."

Usiku ule Stellamaris alilala na mama yake kitanda kimoja, na kila alipogeuka alikuta mkono wa mama uko juu yake. Aliwaondoa watu wa harusi kwenye akaunti, wote, mmoja mmoja, hata aliyemtoa kwenye kundi.

Jumamosi iliyofuata alikwenda Chole bila uhakika wowote. Alikuta ukumbi umefunguliwa. Zuwena alikuwa ameketi mbele ya laptopu, imefungwa, amekaa hivyo tangu asubuhi kwa maelezo ya shangazi yake. Stellamaris akamwambia alichoshindwa kumwambia siku ile, kwamba kosa lilikuwa la mlezi na si la mwanafunzi. Zuwena akaitikia kwa kichwa. Baada ya muda akaifunua laptopu.

Kazi ile iliwachukua mpaka mvua zikaanza. Zuwena alifuta sehemu kubwa ya aliyoyaandika, akaanza upya, akakosea, akahangaika, na Stellamaris akakaa pembeni mikono mapajani akiuliza maswali, hata vidole vilipomwasha. Siku ya kujaribu ilipofika, darasa lilijaa, na swali lilikuwa lilelile la jina la nani. Stellamaris alisema wamweke yeye.

"Wewe ulishakufa," alisema Bi Hajra kutoka nyuma. "Hufi mara mbili."

Stellamaris aligeuka akamtazama yule mama na kisu chake cha kumenyea mihogo. Sasa alikuwa amejua kujibu. "Basi tumuue Mzaramo," alisema. Darasa lilishtuka, kisha Bi Hajra akacheka mpaka kisu kikamdondoka, akasema aandikwe, na akifa wamzike na kapu lake, Mnyamwezi abebe.

Zuwena akaandika jina la shangazi yake. Kompyuta haikutuma kitu. Iliuliza kwanza, kama alivyoifundisha mwenyewe: Nani wa karibu zaidi na marehemu? Zuwena, bila kufikiri, akaandika: Zuwena. Ikauliza tena, kwa herufi kubwa katikati ya kioo: Nani atakwenda kukaa na Zuwena kabla hajaambiwa?

Mikono ya binti ilisimama hewani. Alilitazama swali lake mwenyewe. Darasa lilikuwa bado linacheka nyuma, halijaona, ila Stellamaris aliuona uso wake, na alijua huyo mtoto ameiona siku yenyewe, shangazi yake atakapokufa kweli. Alisubiri kidogo, kama alivyofundishwa kwenye semina. Kisha akasogeza kiti, akanyoosha mkono mbele ya Zuwena, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ya kujitolea akaigusa kibodi ya mwanafunzi. Akaandika jina lake mwenyewe.